Mama alikataa wajukuu mwaka mzima, steam cleaner ya mke wangu ndiyo ikafichua sababu

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu mimi ni mtu wa kusoma, kucheka na kupita kimya. Leo na mimi naweka changu. Ni kisa cha kweli kuanzia juu mpaka chini. Nilichobadili ni majina tu, maana wahusika wawili bado wananipikia.

Naishi Kibaha, pande za Mkuza, na mke wangu na watoto wawili. Mke nitamwita Mama Shamimu.

Mama Shamimu alinunua steam cleaner, ile mashine ya kusafishia kwa mvuke. Bei msiniulize, mwenyewe nimeshatajiwa bei tatu tofauti.

Wiki ya kwanza nyumba nzima ilitokota. Mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko, weusi wa katikati ya tiles za bafuni, raba ya mlango wa friji, vyote vilitii. Na mimi nikajiona fundi, nikaichukua nikapiga kabati la TV.

Wakuu, lile kabati ni la chipboard, zile mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Lilivimba kama andazi. Mpaka leo droo moja haifungi, na nikipita karibu yake mke wangu anakohoa makusudi.

Kwa hiyo hilo lichukueni hapa hapa: mvuke na chipboard havipatani. Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Mama yangu anaishi Marui, Kisarawe. Ni mkulima, mjane, anakaa peke yake kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba. Zamani shule zikifungwa tu wanangu wanapelekwa kwa bibi yao. Wanarudi wamenenepa, wananuka moshi wa mihogo ya kuchoma, na wanatuamkia asubuhi bila kukumbushwa.

Ghafla mama akabadilika.

Likizo ya kwanza akasema ana kazi ya kuvuna mihogo. Ya pili, kisima kimekauka. Ya tatu, ana wageni, na najua kabisa mgeni hakuwepo.

Tukienda kumsalimia, mkeka unatandikwa barazani. Tunakula hapo hapo, tunaaga hapo hapo. Mama Shamimu akiinuka kurudisha vyombo ndani, mama anavipokea mlangoni.

Mke wangu akahitimisha kwamba hatakiwi. Nikimtetea mama, nanuniwa. Nikinyamaza, nanuniwa pia. Watoto nao wanauliza, "Kwani bibi hatupendi?" Hilo swali liliniuma kweli.

Basi mama akaja Kibaha kutibiwa macho, akae kwetu siku nne.

Alifika asubuhi. Begi lake akalitundika nje kwenye kamba ya nguo. Akaoga bafu la uani, akavaa gauni jipya alilonunua njiani pale Mlandizi. Alipoingia sebuleni hakukaa kwenye sofa. Aliomba kiti cha plastiki.

Mama Shamimu alinivuta jikoni.

"Umeona? Hata sofa langu analionea kinyaa."

Wakuu, nilitamani kurudi kazini na siku hiyo nilikuwa likizo.

Kesho yake mke wangu akatoa mashine yake, akaanza kulipiga lile sofa mvuke mbele ya mama, tena kwa hasira. Anasafisha huku anaongea na sofa: "Labda leo utafaa kukaliwa."

Mama yuko kwenye kiti chake cha plastiki. Anaangalia mvuke tu. Baadaye akauliza:

"Mkwe wangu, huo moshi una moto?"

"Si moshi Mama, ni mvuke. Ukigusa unababuka."

"Unaua mdudu?"

Mama Shamimu akasimama. "Mdudu gani, Mama?"

Mama akaangalia chini. Nimemfahamu mama yangu miaka yote ya maisha yangu na sijawahi kumwona anaangalia chini namna ile.

"Kunguni, mwanangu. Wamenijaa ndani."

Kumbe ndiyo hiyo mihogo. Ndicho hicho kisima. Ndio wale wageni!

Akaeleza yote. Amenyunyiza dawa za dukani mpaka kifua kikambana. Amemwaga maji ya moto. Watu wanamwambia achome kitanda, na kitanda chenyewe ni cha kamba, baba alikichonga na kukiwamba kwa mikono yake. Hawezi kukitia kiberiti.

"Sasa niwachukue wajukuu zangu wakaliwe, warudi kwako na vipele? Na hapa nikae kwenye sofa lako nikuachie mbegu? Mie si nitakuwa adui yako."

Mama Shamimu aliweka mashine chini, akamkumbatia mama yangu, wakalia wote. Mimi nikajifanya naangalia waya wa mashine, lakini na mimi machozi yalikuwa hapo hapo karibu.

Mama alipomaliza hospitali, Jumamosi hiyo tukawaacha watoto kwa jirani, tukampakia yeye na mashine kwenye kigari changu, tukaifuata barabara ya vumbi mpaka Marui.

Wenye nia ya kutumia mashine hizi vijijini, nisikilizeni. Umeme wa kule siku zile ulikuwa mdogo. Jirani mwenye mashine ya kusaga akiwasha, taa ya steam cleaner inafifia, maji hayachemki. Tukajifunza kufanya kazi asubuhi kabla hajafungua.

Halafu maji. Niliweka ya kisima, yana chumvi chumvi. Baada ya muda mashine ikaanza kukohoa na kutema vitu vyeupe. Tukaiacha ipoe kabisa (usifungue kifuniko ikiwa ya moto, utaungua uso), tukaisuuza, tukaweka maji ya mvua kutoka kwenye pipa la mama. Ikatulia.

Sasa mapambano. Nikaivisha mashine nozzle nyembamba, ule mdomo wa kupulizia wenye pressure kali, nikalenga kwenye kona ya kitanda, nikabonyeza.

Kunguni waliruka! Kweli tena. Upepo wa mvuke uliwarusha mpaka ukutani, wakaanguka wazima, wakatafuta nyufa. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akasema taratibu:

"Mwanangu, wewe huwaui. Unawahamisha."

Mama Shamimu alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka mzima nilikuwa sijasikia wale wanawake wawili wanacheka pamoja. Hata kama walikuwa wananicheka mimi, nilifurahi.

Mama akainuka, akaomba mashine. Akaniambia niitoe ile nozzle nyembamba niivishe kichwa kipana. Akachana kipande cha kanga kuukuu, akakizungusha kwenye kichwa na kukifunga, ili mvuke utoke kwa kulowesha bila kupuliza. Hakuna aliyemfundisha. Amewaza tu.

Halafu akaanza kupitisha. Polepole mno. Anaweka kichwa kwenye kiungo cha kitanda, midomo inacheza, hasogei. Kisha anasogea upana wa kiganja, anaganda tena.

Nikamuuliza anasema nini.

"Astaghfirullah kumi. Zikitimia nasogea."

Wakuu, hiyo ndiyo siri yote ya steam cleaner. Kitabu cha maelekezo kimeandika kurasa nzima, mama kamaliza kwa uradi. Mvuke unaua na kuyeyusha uchafu ukikaa sehemu moja vya kutosha. Sisi wengine tunaupitisha haraka kama tunapiga deki, halafu tunasema mashine feki.

Mke wangu akapokea zamu akaanza kuhesabu moja mpaka kumi. Alikuwa anakimbia kama anauza mnadani. Mama akamkatisha, "Soma uradi, uradi haukimbizwi." Akasoma. Mkono ukatulia wenyewe.

Tukapiga viungo vyote vya kitanda, mishono ya godoro, nyufa za ukuta, mpaka nyuma ya fremu ya mlango. Nilichokiona kikidondoka sikielezi, kuna watu humu wanasoma huku wanakula.

Sasa kikaja kizingiti. Kamba zimelowa chapa, lazima kitanda kitoke nje kikaanikwe juani. Ukiviacha vitu unyevunyevu ndani, unabadilisha kunguni kwa ukungu.

Mama akasita. Kwa kijiji, kitanda uani pamoja na godoro na chandarua ni tangazo. Kila anayepita ataelewa. Mwaka mzima alikuwa amelinda ule mlango, amejinyima wajukuu, ili mtu asijue.

Mama Shamimu akamshika mkono.

"Kitoeni," mama akasema.

Tukakitoa. Nikakisimamisha katikati ya uwanja, jua linawaka.

Haikupita hata nusu saa, Bi Siwema akatokea. Ni jirani wa mama na rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Akasimama, akaangalia kitanda, akaangalia kamba zinazodondosha maji.

"Kulikoni mwenzangu, kitanda nje?"

Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa niaba ya mama.

Mama akajibu kwa sauti, "Kunguni, Siwema. Nimechoka kuwaficha."

Bi Siwema akasogea karibu. Akavuta kigoda, akakaa. Akatazama njia kama kuna anayesikia. Kisha akasema:

"Na mie."

"Na wewe nini?"

"Ninao. Mwaka wa pili huu. Unafikiri kwa nini nasukia ukili wa mikeka kwako kila siku, kwangu sikukaribishi?"

Mama alimtumbulia macho. "Na mie nakupokea barazani ili usiingie ndani!"

Waligonga mikono wakacheka mpaka Bi Siwema akavua ushungi kufutia machozi. Marafiki wa maisha, kila mmoja anamlinda mwenzake na kunguni ambao mwenzake anao tayari.

Mchana ule kitanda cha Bi Siwema kikatoka. Kesho yake asubuhi nilihesabu vitanda sita nje kwenye nyua za majirani, na kina mama wanapokezana mashine ya mke wangu wakisoma uradi. Kila mtu alikuwa nao, na kila mtu alikuwa anadhani yuko peke yake.

Tuliporudi Kibaha mashine tuliiacha. Baada ya wiki mbili mama akarudia zoezi zima, kwa sababu mayai yaliyoponyoka huanguliwa. Mkifanya mara moja mkasherehekea, mtarudi hapa kulalamika. Kamba zilikuwa zimelegea kwa kulowa, akakiwamba kitanda upya mwenyewe.

Halafu siku moja simu ya Mama Shamimu ikaita. Si yangu, ya kwake. Ilikuwa ni mama.

"Mkwe wangu, hao watoto wanafunga shule lini?"

Mke wangu alinitazama, akawaita watoto waje wasikie.

Tuliwapeleka wote wawili. Tulipofika mkeka haukuwepo barazani. Mama alifungua mlango wa mbele, akafungua na wa chumbani, akamshika Mama Shamimu mkono akamkalisha kwenye kile kitanda.

"Leo hamrudi," akasema. "Mnalala kwangu."

Tukalala, wakuu. Hakuna aliyejikuna.

Nilichojifunza: mzazi akikufungia mlango, usikae kwako unamtungia sababu. Mfuate umuulize kwa upole, huenda anakukinga wewe. Sisi tulipoteza mwaka mzima wa bibi na wajukuu kwa sababu ya aibu yake na ujinga wangu wa kutouliza.

Na kuhusu mashine: polepole, kitambaa, maji yasiyo na chumvi, jua la kutosha. Mimi si mtaalamu, nimesema niliyoyaona.

Uwanja ni wenu. Wenye steam cleaner semeni mnazitumiaje, na kama kuna mwenye dawa ya kabati lililovimba anisaidie. Mwenye kunguni naye aseme tu bila haya. Anayejibu chini yake inawezekana kabisa anajikuna.