Mzee wa Gari la Mkate

Tulikuwa tumemfahamu kwa miaka mitatu, lakini nesi wa mapokezi alipouliza jina la mgonjwa, mimi na mume wangu tulitazamana tu. Nesi akadhani hatukumsikia. Akarudia polepole, kwa heshima, kama anavyosemeshwa mtu mzima aliyechanganyikiwa.

"Mama, mgonjwa wetu anaitwa nani?"

"Sisi tunamwita Mzee Mkate," nikasema.

Hakucheka. Aliinama akaandika kitu, sijui aliandika nini.

Mume wangu alikuwa fundi wa bodi za mabasi huko Morogoro, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipostaafu, watoto wakiwa wameshaondoka, alinunua basi dogo lililochoka. Aking'oa kiti leo, kesho anapima mbao, mpaka ndani mkawa na kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na meza ya kukunja ukutani. Akalipaka rangi ya bluu. Majirani walisema tumezeeka vibaya. Hata mimi safari ya kwanza niliona haya kulala kando ya barabara kama mtu asiye na kwao. Safari ya tatu ilipofika, ni mimi niliyekuwa namharakisha.

Baadaye tukagundua kwamba wako wengine kama sisi. Si wengi, nchi nzima hatukufika ishirini, na tulikuwa na kundi letu la WhatsApp la kuulizana habari za barabara, betri za sola na mahali salama pa kuegesha. Majina hatukuyatumia. Mtu aliitwa kwa gari lake. Sisi tulikuwa Baba na Mama Bluu. Mke na mume wa Mwanza, watu wa makamo, waliitwa Wa Turubai, kwa sababu nusu ya gari lao ilikuwa turubai. Na yeye alikuwa Mzee Mkate, kwa kuwa gari lake zamani lilisambaza mikate. Alilipaka rangi nyeupe mwenyewe kwa brashi, lakini jua likilipiga ubavuni ule mchoro wa zamani wa mkate ulionekana chini ya rangi.

Tulikutana naye mara ya kwanza Tura, kijiji cha stesheni mashariki ya Tabora. Alikuwa ameegesha si mbali na reli, amekaa kwenye kigoda, birika liko motoni, viatu vyake jozi tatu vimepangwa chini ya gari kama mlangoni pa nyumba. Alituona tukishuka tukiwa tumejaa vumbi, akaongeza maji kwenye birika kabla hatujasalimiana. Tangu hapo ikawa desturi. Kila mwaka, mavuno yakishapita na barabara zikiwa kavu, tulimkuta Tura, tukanywa chai yake, kisha tukaongozana kwenda Tabora kukutana na wengine.

Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kusikiliza, na watu wa kusikiliza hawaulizwi sana. Ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Kwetu ni pale ninapovuta breki ya mkono." Tulicheka, mazungumzo yakahamia kwingine. Nimelifikiria sana jibu lile. Alitufungia mlango kwa upole kiasi kwamba hatukusikia ukifungwa.

Mwaka huu, pale Tura, alinunua chupa mbili za asali. Moja akaifunga kwenye gazeti na kuizungushia kamba.

"Hii ya dada," alisema.

"Dada yuko wapi?"

"Mbele huko," akanyoosha kidevu upande wa magharibi, akapanda garini.

Mjini Tabora tulipokewa na seremala mmoja, mzee wa Kiislamu ambaye familia yake imekaa pale vizazi na vizazi. Alikuwa na uwanja mpana nyuma ya karakana yake ya milango na vitanda, na kila mwaka alituachia tupange magari yetu humo. Jioni ya kwanza alikuja kutusalimia na sahani ya tende. Akatuambia, "Msinishukuru. Mji huu umekuzwa na watu waliolala njiani. Wengine walikuja na mizigo, wengine walikuja wakiwa ndio mizigo." Mzee Mkate alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kusema kitu, lakini Wa Turubai walikuwa wameshaanza kugawa michembe, na sote tukageukia huko. Tulikula viazi vile vikavu, tukazungumza habari za tairi.

Asubuhi ya tatu ilikuwa zamu yake ya chai. Jua lilipanda, hakutoka. Mume wangu alienda kugonga. Akagonga tena. Kisha akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mtoto wetu wa pili alipovunjika mguu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Mume wangu alitoa kioo cha dirisha la ubavuni kwa bisibisi, akapitisha mkono. Mzee alikuwa kitandani, macho wazi, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala pembeni yake kama si wake. Alituona. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba alitutambua na alikuwa anangoja tufanye jambo.

Tukashindwa hata kumtoa. Kila mmoja wetu alikuwa amejenga gari lake kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya anayeingia kwa miguu yake. Mlango wake ulikuwa mwembamba, kabati la vyombo limesogea mpaka kizingitini, na mtu aliyelala hakuweza kupita. Mume wangu, aliyefanya kazi ya milango ya magari maisha yake yote, alisimama pale akiupima mlango kwa macho na jasho likimtoka. Wa Turubai wakasema tung'oe kabati. Seremala akaja na msumeno. Mwishowe tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukamfunga kwa khanga zangu mbili asianguke, tukampitisha ubavu ubavu, kichwa chake nimekishika mimi. Mguu wake mmoja ulikwaruzwa na bawaba. Hakusikia maumivu.

Hospitali walitupokea vizuri. Daktari, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yangu, alituambia ni kiharusi, na kwamba saa kilipomkamata haijulikani kwa sababu alikuwa amelala peke yake. "Tutafanya tunaloweza, mama. Lakini tafuteni ndugu zake."

Tukarudi garini kwake kutafuta. Sijawahi kufanya kazi iliyonitia aibu kama ile. Nilifungua droo za mtu aliyekuwa hai, nikashika nguo zake za ndani, dawa za presha ambazo hazikuwa zimeguswa kwa muda mrefu, soksi zilizoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Tulipata leseni ya udereva. Ilikuwa na majina matatu. Niliyasoma kwa sauti, mume wangu akayarudia, na yalikuwa kama majina ya mtu ambaye hatujawahi kukutana naye. Humo hamkuwa na barua hata moja, wala picha, wala daftari la namba za simu. Tukaenda polisi na leseni ile. Askari alisikiliza, akaandika, akasema watafuatilia kwa usajili wa laini ila itachukua siku.

Ikabaki simu yake. Ilifunguliwa kwa mchoro wa kuunganisha vidoti. Niliipeleka wodini, nikakaa kando ya kitanda chake.

"Mzee, tunataka kumpigia dada. Nifungulie."

Alielewa. Mkono wa kushoto ulinyanyuka, nikamshikia simu. Kidole kikaanza juu, kikashuka, kikateleza. Simu ikatetema na kukataa. Akajaribu tena. Mara ya tatu nilimshika kiganja nimsaidie, lakini nitamsaidiaje na njia yenyewe siijui? Ikakataa. Mara ya tano ikaandika kwamba tusubiri. Machozi yalimtoka upande mmoja tu. Nilimfuta na ncha ya khanga nikamwambia si kitu, na sote wawili tulijua nasema uongo.

Basi hatukuwa na la kufanya ila kungoja simu ipigwe. Simu iliyofungwa hupokeleka ikipigwa, hilo tulilijua. Tuliichomeka kwenye sola ya gari letu, tukaiweka juu ya meza ya kukunja, tukakaa tukiitazama, watu wazima wanne. Ikilia tulishtuka wote. Mara ya kwanza ilikuwa ujumbe wa matangazo. Mara ya pili alikuwa mwenzetu wa kundi, akijaribu tu kama inaita. Siku ile ikaisha. Siku ya pili ikaisha. Wa Turubai walipaswa kuondoka, likizo yao ilikuwa imekwisha, na yule mama alinikumbatia akasema, "Najiona kama namtupa." Sikumwambia hapana. Zamani, enzi za misafara ya pembe na watumwa, kwenye njia hii mpagazi aliyeugua aliachwa kando, msafara ukaendelea, na nilipokuwa mwalimu nililisimulia jambo hilo darasani kama ukatili wa watu wa kale.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ilipigwa. Nilipokea kwa mikono miwili.

Sauti ya mwanamke ilisema, "Kaka, mbona hujafika? Tumekungoja tangu Jumapili."

Nilimweleza mimi ni nani. Nilitafuta maneno ya kumwandaa, nikayakosa, nikasema moja kwa moja. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua."

"Yuko wapi?"

Nikamwambia.

"Niko Ulyankulu," akasema. "Nakuja."

Alifika alasiri ileile, mwanamke mrefu mwenye kitenge na viatu vya mvua, ingawa hapakuwa na mvua. Alinipa shikamoo kabla hajakaa. Kisha akainama sikioni mwa kaka yake akazungumza naye Kirundi. Miaka mitatu tulikuwa tumekula naye, na hatukujua kwamba ana lugha hiyo. Mzee alitoa sauti. Halikuwa neno, lakini dada yake alilijibu kama ni neno, na wakaendelea hivyo.

Nje, kwenye benchi, alinieleza. Waliletwa nchini wakiwa watoto, yeye kifuani mwa mama, kaka yake akitembea. Walikulia kwenye makazi ya wakimbizi, wakalima tumbaku na mahindi, wakazika wazazi pale.

"Maisha yetu yote tuliambiwa kaeni, halafu hameni, halafu tena kaeni," alisema. "Sasa tuna uraia, tuna shamba. Mimi nimetulia. Yeye akasema hataki tena kuambiwa. Akawa dereva wa mikate, mwajiri wake alipofunga biashara akalichukua gari lile. Akaniambia, nikihama, nihame mwenyewe. Kila mwaka anakuja siku mbili, analala humo garini uani kwangu. Ndani haingii."

"Alikuwa anatuambia kwao ni pale anapovuta breki."

"Hata mimi aliniambia hivyo," akasema. "Sikumwona kama anatania."

Baada ya wiki mbili hospitali walimruhusu. Hapakuwa na la zaidi la kumfanyia pale. Mazoezi, walisema, na subira. Yeye na dada yake walikwenda Ulyankulu kwa teksi. Mume wangu aliliendesha gari la mkate nyuma yao, nami sikupenda abaki peke yake humo, nikapanda naye. Gari letu la bluu tuliliacha kwa seremala.

Nyumbani kwa dada walimtandikia chumba cha mbele, godoro jipya, dirisha linaloelekea uani. Mume wangu akaegesha gari mahali ambapo dada alisema huwa linaegeshwa. Mzee aliligeukia. Akanyanyua mkono wa kushoto akalionyesha, akajionyesha kifuani, akalionyesha tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Hapakuwa na asiyeelewa.

"Haiwezekani, kaka," dada akamwambia kwa Kiswahili, labda ili na sisi tusikie. "Nitakugeuza vipi humo? Nitakuosha vipi?"

Mzee alinitazama mimi. Kisha alimtazama mume wangu, fundi, mtu ambaye siku zote alikuwa na jibu la mlango na bawaba. Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta amesimama mbele ya gari na futi ya kupimia mkononi, ameifungua, hapimi kitu.

"Naweza kuupanua," alisema. "Lakini nani atakaa naye humo?"

Tuliondoka kesho yake. Dada alitupa mahindi na maharage, akatusindikiza mpaka barabarani. Mzee hakugeuza kichwa nilipomuaga. Alikuwa anatazama dirishani.

Alifariki mvua zilipokuwa zimeanza. Dada alinipigia baada ya mazishi. Alisema alifikiria kutuita, lakini barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili na hakutaka tukwame. Niliandika kwenye kundi kwamba Mzee Mkate hatunaye tena. Watu waliandika pole. Kisha mmoja wa mbali, ambaye hakuwahi kukutana naye, akauliza jina lake kamili ili amwombee. Nikamwandikia yale majina matatu, nikiyanakili kutoka kwenye picha ya leseni, kwa sababu bado sikuwa nimeyashika kichwani.