Harusi ya Foleni ya Darajani

Mama alipofariki Dar es Salaam, dada yake wa pekee alikuwa Unguja, na habari ya namna ile hupelekwa kwa mdomo. Dada huyo, mama mdogo Mize, alijua kusoma Kurani tu. Barua yangu ingesomwa na jirani, nami sikutaka msiba wa mama utoke kinywani mwa mtu asiyemjua. Lakini miaka ile ya mwanzo wa sabini kuvuka kwenda Unguja kulitaka ruhusa, hata kwa mtu kama mimi niliyezaliwa huko nikaolewa bara, na kila nilipoiulizia ruhusa yangu niliambiwa nirudi wiki ijayo.

Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli. Mgeni mmoja wa hoteli tumbo likamwendesha, akashindwa safari ya kutembezwa Unguja, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mume wangu akaniombea kile kiti. Nikaambiwa nitapita, mradi nisiachane na kundi. Basi nikaenda kuzuru kwetu kama Mzungu.

Ndani ya ndege wenzangu walivaa kofia za majani, pana kiasi cha kuanikia dagaa. Niliketi na bibi mmoja wa nywele nyeupe, ambaye aliniuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama ni mara yangu ya kwanza kuona bahari. Nikamwambia nimezaliwa kando yake. Akasema vizuri sana, kisha akanionyesha bahari dirishani.

Uwanjani Unguja alitupokea Bwana Makame, mtembezaji wetu, shati jeupe limepigwa pasi hata mikunjo ingeweza kukata mkate. Alituhesabu, akalitazama buibui langu mara mbili, akatupakia kwenye basi.

Mji Mkongwe tuliupita mlango kwa mlango. Kwa maelezo ya Makame kila mlango ulikuwa wa mke wa sultani, na sikuelewa sultani alipata wapi nafasi ya kutawala. Kwenye nyumba moja alisema binti mfalme alijirusha dirishani kwa mapenzi. Nyumba ile ilikuwa ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mzee mwenye pumu ambaye hakumpenda mtu. Wageni walisikitika, wakapiga picha dirisha.

Kutoka mjini tulikwenda mashamba. Tulinusishwa karafuu, kisha mkwezi mmoja akapanda mnazi akiimba. Alipofika juu aliuliza kwa Kiswahili kama zamu hii itatosha, maana tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Wageni wakataka kujua anasemaje. Makame akawaambia anawakaribisha visiwani.

Adhuhuri tulirudi mjini, na pale Darajani basi likakwama kwa watu. Wanawake walikuwa wamejipanga mbele ya duka, makapu mikononi, wakingoja sukari. Wageni waliuliza kuna nini. Makame alijikuna shingo, akasema ni harusi. Kofia zote zikahamia upande mmoja wa basi, na wale wanawake wakapungiwa mikono. Mmoja aligeuza mgongo. Nikamjua kwa mgongo ule, nikateremka kabla dereva hajauliza.

"Shikamoo, mama mdogo."

Aligeuka. Alikuwa amekonda. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu. "Marahaba. Salma, umekuja na nani, mwanangu?"

"Nimekuja peke yangu," nikamwambia. "Mama ametutoka."

Hakupiga kelele. Aliniangukia kifuani akalia, na mwanamke wa nyuma yake akalipokea kapu ili nafasi isipotee. Ndipo nikasikia makofi. Wageni walikuwa wameteremka, na Makame ameshawaambia kuwa mimi ni jamaa wa bibi harusi na kile kilio ni desturi yetu ya furaha. Walipiga makofi na kupiga picha kwa pamoja.

Makame akanijia, akasema kwa sauti ya chini kwamba nirudi garini, kichwa kikipungua ataulizwa yeye.

"Tumefiwa," nikamwambia. "Mama yangu. Huyu ni dada yake."

Akatazama kulia na kushoto, kama tulivyozoea siku zile kabla ya kusema neno. "Kaeni," akasema. "Nitawaambia nyimbo za harusi hii ni ndefu."

Akawaondoa wote kuwapeleka soko la samaki, ambako, nilikuja kusikia, papa mmoja alikuwa na nasaba ya kifalme. Sisi tukakaa barazani. Mama mdogo aliuliza kama dada yake aliteseka, na nani alimwosha. Nikamweleza yote.

Waliporudi, dirisha la duka lilikuwa limefungwa. Sukari imekwisha. Yule bibi wa nywele nyeupe akafungua mkoba, akatoa vipaketi vya sukari alivyochukua hotelini, akamwekea mama mdogo mkononi huku akisema maneno kwa Kiingereza. Foleni nzima ilivitazama. Mama mdogo akaniuliza Mzungu anasemaje. Nikamwambia ni zawadi ya harusi.

Akajipangusa uso. "Mwambie ahsante. Itatosha chai ya khitma ya dada yangu."

Nilifasiri neno la ahsante tu.

Jioni Makame alituhesabu tena uwanjani. Aliponifikia aliinamisha kichwa, akasema pole. Asubuhi nzima nilikuwa nikimcheka kwa uongo wake, na ni uongo wake ulionipa nafasi ya kukaa na mama mdogo. Nilichojifunza ni hicho, na sikukipenda, kwa sababu ukweli ndio uliopaswa kunipa nafasi ile.

Ndegeni yule bibi aliniuliza bibi harusi anaitwa nani, apate kuandika nyuma ya picha. Nikamtajia jina la mama. Alilirudia mpaka akalitamka sawasawa.