Viungio vya Rafu ya Mama

Duka la ushirika la kinamama wa mtaa wetu, kule Temeke, lilikuwa chumba kimoja chenye sakafu inayotoa jasho kila masika. Ufunguo alikabidhiwa mama yangu. Unga, sukari na sabuni vililala chini juu ya magunia, na Bwana Afya alikwisha kumwonya: "Mama, nikirudi wiki ijayo nikakuta unga chini, nafunga duka." Hakuwa mtu wa mzaha. Kinamama wale walihangaika mno mpaka wakapewa duka. Likifungwa, nani angewapa tena?

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja Msasani. Mzungu aliporudi kwao akamwachia baba fremu za waya zilizofungwa kamba. "Ni rafu hiyo," baba akasema, akatua mzigo, akaenda zake barazani. Mama alifurahi hadi akanikumbatia, na mama hakuwa mtu wa kukumbatia. Tukafungua kamba, tukasimamisha fremu ya kwanza. Ikalala. Ya pili ikalala juu ya mwenzake.

Mie nilikuwa mtoto mdadisi, kila kitu nataka kujua kinafanyaje kazi. Nikaona kwenye kona moja kimekwama kiduara cheusi cha plastiki, chenye mikato pembeni. Nikachomeka waya wa fremu nyingine kwenye mkato, ikalia ta, zikashikana. Nikachomoa, nikachomeka tena na tena, mpaka mama akaninyang'anya. Bila viduara vile, rafu ilikuwa mzigo wa waya tu. Tukaamini mzungu kavisahau.

Nikakifunga kile kimoja kwenye pindo la khanga, nikaanza kutafuta wenzake. Muuza vyuma wa Kariakoo hakukitazama hata mara mbili. "Hakuna." Siku hizo hakuna ilikuwa salamu ya madukani. Fundi baiskeli akasema tufunge kwa waya. Tukafunga, rafu ikasimama vizuri mpaka mama alipoweka mfuko wa unga, ikainama kama mtu anayerukuu. Nilicheka, nikala kofi. Nikajaribu mpira wa tairi, nikajaribu vipande vya kifuu. Mama alikuwa halali kwa hofu, na mie nilikuwa nafaidi.

Mwisho nikaenda kwa jirani yetu, mchonga vinyago kutoka Kusini, anichongee vya mpingo. Akakigeuzageuza kile kiduara.

"Wee mtoto, mbona umechukua kete ya baba yako?"

"Kete gani?"

"Za drafti. Si alipewa na mzungu wake, kopo zima, nyeupe na nyeusi? Tunazicheza kila siku pale barazani."

Baraza ile niliipita kila siku, shikamooni, macho chini kama nilivyofunzwa, wala sikuwahi kutazama wanachocheza. Na baba hakuwahi kuona nilichokifunga kwenye khanga. Tangu mzungu aondoke alitoka alfajiri kutafuta kibarua, na akirudi anapitia barazani. Alisikia tunatafuta viungio, akadhani ni vyuma. Nyeupe na nyeusi, angedhani ni nini tena? Soda zenyewe zilikuwa hazipatikani, vizibo vya kuchezea wangevitoa wapi?

Nilipofika nyumbani na habari hiyo, Bwana Afya alikuwa keshaonekana mtaa wa pili. Mama hakunituma. Alijitanda khanga, mie nyuma yake, akaenda mwenyewe barazani, jambo ambalo wanawake wa mtaa wetu hawakulifanya. Baba alikuwa anacheza na fundi cherehani, bingwa wao, yuleyule aliyezoea kumwita "mama mpishi" mbele za watu. Siku hiyo baba alikuwa na kingi, kete yake nyeusi iliyovuka ubao mzima. Uso wake ulikuwa wa kijana.

Mama akafungua kiganja. "Baba watoto, hivi ndivyo vinavyoshika rafu. Na Bwana Afya yuko hapo nyuma."

Baba akakitazama kiduara, akatazama ubao. Alikuwa amebakiza kidogo tu ashinde. Roho iliniuma, nilitamani mtu aseme haya, malizeni kwanza. Baba akakusanya kete moja moja, zake na za mwenzake, akazitia koponi. Wakamcheka. Akaja dukani akachomeka kwa mikono yake, ta, ta, ta, unga ukapanda juu. Bwana Afya akaingia, akaitikisa rafu, haikuyumba. Akaaga.

Fundi cherehani alikuja kununua sabuni jioni ile, akasema mchezo ule hauhesabiki, ushahidi uko wapi? Baba akamkatia kipande cha sabuni. Fundi alipotoka, mama akapanda kigoda, akachomoa kiungio cheusi cha kona ya juu, akapafunga kwa kamba ya katani.

"Kingi yako hii," akamwambia, akamwekea mkononi. "Kawaonyeshe."

Baba hakwenda kuwaonyesha. Aliitia mfukoni, na miaka yote ya duka lile kona ile ilibaki na kamba. Tulipogawa nguo zake baada ya mazishi, niliikuta kingi ile kwenye suruali yake.