Kopo la Mafuta Kutoka Nakonde

Niliondoka kijijini kwetu Iyula kwa sababu mdogo wangu Tabitha alikuwa hawezi kula tena. Alikuwa na saratani, na dripu alizotundikiwa hospitali kubwa zilimwachia kichefuchefu kisichokoma. Uji aliutapika, maji aliyatapika. Muuguzi mmoja alituambia kwa sauti ya chini kwamba katika nchi za wenzetu wagonjwa wa namna hiyo hupewa dawa ya bangi, ila kwetu ni jela. Vijana wa kijiweni wanavuta mchana kweupe, halafu mgonjwa ndiye akamatwe! Nilifunga safari kwa hasira, kwenda Nakonde kuitafuta dawa hiyo.

Asubuhi nilipata lifti hadi Mlowo kwenye pikapu ya mnunuzi wa kahawa, mmoja wa wale binafsi waliotujaa tangu soko huria lianze. Hapo nikapanda basi. Kuanzia mji wa Mpemba malori yalikuwa yamepanga foleni ya kwenda mpakani, tukatambaa mpaka Tunduma. Nikavuka kwa miguu.

Nakonde, mchana. Mama mdogo Agnesi, aliyeolewa upande huo wa Zambia, alinipokea mlangoni.

"Mwaiseni, mwanangu! Karibu. Tabitha anaendeleaje?"

"Anakwisha, mama."

Alipokuwa akimuuguza mumewe alijifunza kuyapika majani ya bangi kwenye mafuta, mgonjwa akatiliwa kidogo kwenye uji. Akanijazia kopo.

"Hayaponyi," alinionya. "Baba yenu mdogo alikufa. Lakini alikufa ameshiba."

Zambia nako sheria ni ileile, kwa hiyo akanishauri nirudi kwa njia ya panya, wanakopitishia sukari.

"Sipiti huko," nikasema. "Mwenye magendo ndiye ajifiche. Mimi nimebeba dawa."

"Wakikufunga, nani atampikia uji?"

Swali hilo lilinichoma. Hata hivyo nililishika kopo mkononi, nikaelekea getini.

Mpakani Tunduma, jua likianza kupoa, afisa wa ushuru alilifungua kopo.

"Mafuta ya kula haya. Umeyalipia?"

"Si ya kula, baba. Ni dawa ya mgonjwa. Yamepikwa na bangi."

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Macho sikuyashusha. Mara yule afisa akaangua kicheko.

"Mama, hapa nimesikia kila hila ya kukwepa ushuru. Jana mmoja kaniambia ni mafuta ya upako, leo wewe bangi! Haya ni mafuta ya kula. Lipia, upite."

"Nimekwambia kweli."

"Na mimi nimekwambia lipia."

Nikalipia.

Iyula, siku iliyofuata. Tabitha alikunywa uji uliotiwa mafuta yale kidogo. Nilikaa kando yake na beseni mapajani, nikingoja atapike kama kawaida. Hakutapika. Jioni akaomba ugali na maharage, nami nikaenda jikoni nikalia bila aibu.

Safari hiyo ilinifunza kwamba naweza kusimama mbele ya meza ya serikali nikasema kweli, foleni nzima ikinitazama. Sitanong'ona tena kama yule muuguzi. Anayetaka kunikamata kwa haya niliyoandika, aje; kwetu ni nyumba ya pili kutoka mashine ya kukoboa kahawa. Serikali imekwisha kula ushuru wake. Mdogo wangu naye ale.