Mgeni Asiyejua Mwiko

Juzi, kwenye dirisha la zahanati ya shamba la ngano, mama mmoja wa kijiji cha Mogitu alimpa Mmarekani kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Mmarekani huyu, mke wa fundi wa matrekta, hutunga mashairi ya huzuni. Mumewe humtania kwamba yanalowesha karatasi.

Mama huyo alipofiwa na kichanga alitengwa kwa miezi, mtu yeyote asimkaribie, kama mila yetu inavyotaka. Mgeni akaingia tu nyumbani kwake, akaketi, akamsomea shairi kwa Kiingereza huku analia.

“Ulielewa nini?” muuguzi alimuuliza mama pale dirishani.

“Hata neno moja. Lakini miezi ile yote, ni yeye tu aliyekuja.”

Wajuzi wa ushairi na wacheke. Mimi namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyewahi kumweleza mwiko wetu.