Mbuzi wa Kilima cha Pili

Kwetu Haneti macho hayakupimwa hospitali, yalipimwa kwa mbuzi. Jioni Baba alitusimamisha mlangoni, akanyoosha fimbo kuelekea kilima cha pili na kuuliza: yule mwenye kiraka begani ni wa nani? Ukipatia, una macho ya ukoo. Mimi nilipatia siku zote, na nilijivuna kupita kiasi.

Ndiyo maana kisukari kiliponipata, nikiwa tayari nafundisha Nzuguni, nilipuuza kupima macho miaka minne. Mbuzi si nawaona? Hata Baba, mwenye kisukari, aliwaona vizuri hadi mwaka alioanza kupapasa kuta. Kilichotuchanganya ni shangazi, dada yake wa tumbo moja. Alianza kuugua kisukari kabla yake, lakini mpaka leo mbuzi wa jirani akigusa mtama wake anamtukana kwa kumtaja rangi yake, tena mbuzi akiwa mbali. Watu wakasema Baba karogwa.

Nilipokwenda hatimaye kwa daktari wa macho mjini, nilimsimulia haya kwa kujitetea tu. Akaweka kalamu chini.

"Shangazi naye mlete!"

Akanieleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, ila watu hawaharibiki sawa. Sehemu ya sababu hurithiwa, na hata ndugu wa tumbo moja hawapati mgawo mmoja. Wataalamu bado wanatafuta ni kitu gani hasa. Kumbe hakuna mchawi! Nilitamani nikimbie hadi Haneti nikawapigie kelele.

Shangazi alikuja na kitenge kipya, kama anakwenda harusini. Tukatiwa matone, tukapigwa picha za ndani ya macho. Yake yalikuwa safi. Yangu yalikuwa na madoa mekundu, na mishipa mipya dhaifu imeanza kuota.

"Lakini naona vizuri, daktari!"

"Ndiyo saa ya kutibu. Ukingoja usione, umechelewa."

Niliogopa. Kisha furaha ikanipanda: kumbe kuna tiba ya mwale wa leza wa kuizuia mishipa ile, na mimi nimewahi! Baba hakuna aliyewahi kumpiga picha hii.

Nilipomweleza, akasema:

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupa."

"Na pua hii umenipa wewe, Baba, mbona hujawahi kuniomba radhi?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nikamwambia alivyosema daktari, kwamba kurithi si hukumu: sukari na presha zikishikwa vizuri, na macho yakipimwa kila mara, mtu anayaokoa.

Baada ya matibabu nilirudi nyumbani na kusimama mlangoni, nikiwa na hamu ya kujionyesha.

"Baba! Yule mwenye kiraka begani ni wetu, anapanda kilima!"

Alinyanyua fimbo kama zamani. Halafu akaishusha, akaigonga chini.

"Achana na mbuzi," akasema. "Kliniki unarudi lini?"