Pua Tuliyoicheka

Mwaka ule wa 2012 magari ya langalanga yalipotoka na pua zilizovunjika, mimi ndiye niliyezikejeli kuliko wote. Sijisifu. Ndivyo ilivyokuwa, na waliokuwa kwenye ile hoteli ya Lodwar wanaweza kushuhudia. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumeketi mbele ya runinga na soda zetu, tunangoja marudio ya mbio za kwanza za msimu. Gari la kwanza likaonyeshwa kwa karibu. Pua yake ilitoka kwa dereva ikiwa juu, ikafika katikati, halafu ikashuka ghafla kama ngazi, ikaendelea bapa hadi mbele.

"Ala!" nikasema. "Hilo limegongwa, au limezaliwa hivyo?"

"Ukistaajabu ya Musa," mume wangu akajibu, "ngoja utaona ya Firauni."

La pili likaja vilevile, na la tatu. Hoteli ikaangua kicheko, lakini cha mume wangu ndicho kilichosikika hadi barabarani. Alikuwa na kicheko cha tumboni, kinachoanza polepole kama pampu ya kisima ikitafuta maji, kisha kinamwagika na huwezi kukizuia. Nilikipenda kicheko hicho kabla sijajua mwenyewe anafanya kazi gani.

Timu yangu ilikuwa miongoni mwa chache sana zilizobaki na pua laini, imeteremka taratibu kutoka kwa dereva mpaka chini. Basi nikatamba tangu siku hiyo. Mwalimu mmoja wa sekondari, shabiki mwenzetu, alinibishia kila Jumapili: gari ni kasi, sura ni ya nini? Nikamwambia mwalimu, mimi nauza nyanya, mteja anakula kwa macho kwanza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nani atabandika ukutani picha ya gari lenye mdomo wa bata? Watu wakipiga meza wakicheka, nami nikizidisha. Nilikuwa na mdomo, na nilipenda kusikilizwa.

Sisi wawili ni watu wa kuja hapa Turkana, kutoka huko magharibi. Mume wangu alikuwa afisa wa kilimo, kazi yake Kakuma Jumatatu hadi Ijumaa, na pikipiki ya ofisi. Mimi nilikaa Lodwar. Nilichukua nyanya na vitunguu kutoka mashamba ya Katilu kwa pikapu yetu kuukuu, na kila Alhamisi nikapeleka Kakuma. Barabara yenyewe ilikuwa imekufa. Lami imebomoka, madereva wote tunapita kando yake kwenye vumbi. Mahali nilipopaogopa hasa ni laga moja kabla ya Kakuma, mto mkavu wa mchanga mtupu. Kwenye mchanga husimami. Ukisimama umezama, na mvua ikiwa imenyesha milimani, maji yanakuja bila kupiga hodi.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Mume wangu angekuja na pikipiki kunilaki ukingoni, anisalimie kwa Kiturkana, "Ejok!", kana kwamba hanijui, halafu atangulie kupima mchanga. Mimi ningemfuata nyuma kwa mwendo uleule bila kukanyaga breki. Akikuta pameloa, angeinua mkono wa kushoto na mimi ningekata kona mapema. Nilivuka laga ile mwaka mzima nikiutazama mgongo wake.

Mwezi wa nne ngamia akaniingilia barabarani, akaiponda pikapu mbele. Mwenyewe alinyanyuka, akaenda zake. Niliikokota mpaka Kakuma, kwa fundi mmoja wa kuchomelea aliyekuwa kwenye kambi ya wakimbizi, Mkongomani, mtu mpole, na kumbe naye shabiki wa langalanga. Nikamwagiza ngao mpya ya chuma, ya mabomba ya kukinga mbele ya gari. Alipokuwa akipima tukaanza kupiga domo, nami nikamwaga dharau zangu zote juu ya zile pua.

"Mama, unajua balishusha ile pua juu ya nini?" akaniuliza.

"Wazimu."

"Hapana. Pua ikikaa juu, ikigonga mwenzake ubavuni, inapanda. Inafika ku kichwa ya dereva. Balishusha juu mutu asikufe. Huku nyuma gari ikabakia juu, ndiyo unaona ile ngazi."

"Sawa, lakini sura ni mbaya, fundi."

"Na maiti, mama? Sura yake iko muzuri?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanitengenezea ngao ya chini, mabomba mawili yaliyolala kuelekea mbele na kuvunjika katikati, hata juu ya taa hayakufika. Aliipenda kazi yake. Aliipangusa kwa kitambaa kabla ya kunikabidhi.

Wee! Jumapili nilipofika nayo Lodwar, hoteli nzima ilitoka nje kuitazama. Mwalimu aliinama kuisalimia. Mume wangu alishika ukuta, machozi yakamtoka. "Mke wangu," akasema, "yaani umezisema pua hizo wiki zote hizi, halafu umekuja na bata!" Sokoni ikawa ndiyo salamu. Asubuhi ejok mama bata, jioni ejok mama bata. Nilicheka nao kwa meno, moyoni nachomeka. Nilivumilia wiki tatu, ya nne ikanishinda. Nikaipeleka kwa fundi mwingine hapo Lodwar, nikamwambia nataka ngao ya maana, iliyosimama wima, mabomba matatu, la juu lipite boneti. Ile ya bata niliitupa nyuma ya nyumba, kuku wakaifanya pa kulala.

Mume wangu aliizunguka pikapu, akaipiga kofi la upendo. "Sasa hiyo ni gari." Nililala na furaha siku hiyo, na furaha ile naijutia hadi leo.

Alhamisi iliyofuata yule Mkongomani akaiona. Hakunisalimu. Palikuwa na pikipiki ya mteja mbele ya kibanda chake. Akaipanda, akaniomba niisogeze pikapu taratibu mpaka imguse. Bomba la juu likamfika chini ya kidevu. Akaweka kidole hapo.

"Mama, iko hapa."

"Fundi, kazi yako ilichekwa," nikamwambia. "Kubali tu, usione wivu."

Maneno hayo niliyasema, nayakumbuka yote. Akashuka, akavaa miwani yake ya giza, akarudi kwa chuma chake. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa kubwa.

Lakini kidole kile hakikuniacha. Tangu siku ile, kila nilipomfuata mume wangu kwenye mchanga, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kutoka kwenye usukani, lile bomba jeusi lilikata kioo cha mbele, na yeye akiwa mbele yangu, lilipita sawasawa kwenye ukosi wa shati lake. Kichwa juu ya bomba, mabega chini ya bomba. Alhamisi ya kwanza nilijisogeza kando ya kiti nisilione. Ya pili nikapunguza mwendo kidogo. Ya tano nikawa nimezoea, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa zaidi.

Mwezi wa tisa, katika mbio fulani za Ulaya, magari hata kona ya kwanza hayajaimaliza, moja likapanda jingine na kuruka angani. Likapita juu ya mwenzake, mbele kabisa ya kofia ya dereva. Wakarudia picha polepole, wakarudia tena, na kila wakirudia nilijishika shingo. Hakufa mtu.

"Ingeshuka kidogo tu," mume wangu akanong'ona.

Tukirudi nyumbani nikamwambia nitaishusha ile ngao, nitamrudia yule fundi wa kambini.

"Ishushe," akasema. "Lakini utaitwa bata tena, ujue."

Tukacheka, na ikaishia hapo. Alhamisi ikafika nyanya zimeiva, na nyanya hazingoji fundi. Nikasema nikishauza. Nikauza, nikachoka. Nikasema Alhamisi ijayo.

Alhamisi hiyo upepo ulianza asubuhi. Nilipofika laga, ng'ambo haikuonekana kwa vumbi, na upande wa milimani mbingu ilikuwa imefunga nyeusi. Alikuwa ananingoja, leso imemfunika pua na mdomo. "Ejok!" akapaza sauti. Hiyo ndiyo "Ejok" yake ya mwisho niliyoisikia. Akasema mvua imenyesha huko juu, maji yanaweza kuja wakati wowote, tuvuke haraka. "Nifuate karibu, usinipoteze."

Nikamfuata karibu. Karibu mno. Bomba, ukosi, bomba, ukosi. Katikati ya laga gurudumu lake la nyuma likazama, pikipiki ikalala upande. Akageuka akiwa nusu ameinuka, mikono yote miwili juu. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili, lakini mzigo wa nyanya ulikuwa nyuma yangu unasukuma. Gurudumu la mbele likapanda pikipiki, na pua ya gari langu ikainuka. Ilipanda, hivyohivyo alivyonieleza yule fundi. Niliona macho yake juu ya bomba, halafu sikuyaona.

Nilimkuta mchangani akiwa hai, ameshika koo kwa mikono miwili, anavuta pumzi inayopiga mluzi. Nililia nikamtukana Mungu, kisha nikamwomba msamaha palepale, maana nilimhitaji. Watu waliokuwa ukingoni wakaja mbio, wakamwaga nyanya zangu, wakamlaza nyuma, wakatusukuma mpaka tukatoka. Hospitalini Kakuma walimtoboa chini ya koo ili apumue. Daktari alikuwa kijana mnyenyekevu. Aliniuliza aligongwa na nini hapo juu, nikamwonyesha pikapu dirishani. "Ingekuwa mguu, mama," akasema, "ningemfunga plasta."

Kesho yake nilitoka nje nikamkuta yule Mkongomani kwenye pikapu na msumeno wa chuma. Hakuna aliyemwita. Alikata bomba la juu, akakata la pili, jasho likimtiririka, na mimi nimekaa chini naangalia. Nilitaka anitukane. Nilitaka sana, ningepata pa kuegemea. Alipomaliza akasema, "Pole, mama. Pole sana," akabeba vyuma vyake.

Ile ya bata niliitoa kwa kuku, nikaiosha, nikamwomba airudishe.

Mwaka uliofuata, msimu ulipoanza, mume wangu, ambaye sauti haikumrudia, aliandika kwenye kidaftari chake kwamba anataka kwenda hotelini. Wiki zilikuwa nyingi tangu kidonda kipone, na kitambaa kilikuwa shingoni. Tukaketi mahali petu. Magari yakatoka, na mengi pua zake zilikuwa laini tena, kwa sababu sheria sasa iliruhusu kubandika kibati juu ya ile ngazi. Watu wakapiga makofi. Sasa yamepata sura! Wakanigeukia, wakingoja mdomo wangu.

"Wamefunika tu," nikasema. "Ngazi iko palepale chini."

Pakawa baridi. Mwalimu, maskini, akataka kutuchangamsha. Akachungulia nje ilipoegeshwa pikapu yetu, akasema, "Afadhali bata wetu, yeye hajifichi."

Mume wangu akageuka kuitazama. Mabega yakaanza kutikisika, polepole kwanza, kisha tumbo, kisha mwili wote. Akashika meza, mdomo wazi kabisa, machozi yakimtoka. Alikuwa anacheka, anacheka kama zamani, na hoteli nzima tulikuwa kimya tukimtazama, na kilichosikika kilikuwa feni ya darini na gari za mbio.